Je, Aliyetulia Peke Yake Ana Haja Gani ya Kuolewa Tena?

Katika darasa yetu ya baada ya Alasiri hapa Voi tuliletewa swali ambalo tulidhani jawabu lake ni jepesi. Tukalijibu upesi, kisha tukaona haya kwa jawabu tulilolitoa. Twaliandika hapa ili ndugu zetu wasomaji walitazame pamoja nasi, kwani twaamini kwamba hapana mji wa Waislamu, tangu Lamu hata Vanga, na katika miji hii ya bara iliyozaliwa na reli, ila jambo hili limo ndani ya nyumba zake, japokuwa watu hawalitaji.

Muulizaji ni bibi mjane ambaye umri wake umepita miaka sitini. Mumewe alifariki zamani. Eda ya miezi minne na siku kumi aliikaa kama ilivyoamrishwa, na baada yake akakaa miaka mingi ambayo hapana aliyemuamrisha kuikaa. Watoto wake wamekua na kutawanyika: mmoja yuko Mombasa, mmoja Nairobi, na binti yuko Mwatate kwa mumewe. Yeye ashona kofia za viua, hupelekwa Mombasa na wasafiri wa treni, na pato lake lamtosha. Alasiri awasomesha Juzuu Amma vijana wa jirani. Alipokuja kwetu hakuja na malalamiko. Alisema, "Sina dhiki wala huzuni, na marehemu namuombea dua bila ya machozi. Nalala nikitaka, naamka nikitaka, nasoma Kurani yangu wala hapana aniulizaye chai iko wapi." Lakini mtu mmoja wa Taveta, mzee mwenziwe aliyefiliwa na mke, amemtuma dada yake kuja kumposa; naye bibi, kwa maneno yake mwenyewe, alipoisikia posa ile alijiona haikumchukiza, na jambo hilo ndilo lililomshtusha.

Hakutuuliza kama ni halali, maana halali yake yajulikana na kila mtoto wa chuoni. Alituuliza hivi: "Mwenyezi Mungu amenipa utulivu ambao sikuuomba. Nikimkubali mtu huyu, je, si kuikufuru neema niliyopewa? Na nikimkataa, je, si kiburi cha mtu aliyezoea raha yake?"

Mmoja wetu akamjibu palepale kwamba ndoa hukamilisha nusu ya dini, basi na aolewe. Mwingine akamjibu kwamba umri huu ni wa kuitengeza akhera, basi na atulie. Bibi akacheka, akasema, "Wanangu, nyote wawili mmenijibu, wala hapana hata mmoja aliyenisikia."

Alisema kweli. Majawabu yale mawili yalipingana kama mashariki na magharibi, lakini asili yake ni moja: yote yalimtazama mwanamke asiye na mume kuwa ni chombo kilichokaa pasipo mahali pake, kikawa chahitaji kuondoshwa na kuwekwa, ama katika nyumba ya mume, ama katika kingo za kaburi. Hapana aliyefikiri kwamba huenda yuko mahali pake tayari, na kwamba mtu aliye mahali pake aweza pia kutaka kuhama.

Na hili ni kosa la mji mzima. Twamwambia mjane "pole" mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili twaanza kumuuliza ataka nini. Mwaka wa tatu wake za watu waanza kuwachunga waume zao asipite mlangoni. Akifurahi, husemwa ana lake. Akihuzunika, husemwa ampate mume. Mwanamume mjane hatumfanyii hivyo. Yeye hata arubaini ya mkewe haijesha, jamaa huwa wamekwisha kumtafutia, kwa hoja kwamba hawezi kujipikia. Twaomba radhi kwa wanaume wenzetu, lakini hoja hiyo twairudia mbele, maana ina ubaya wake.

Tena yapasa kukumbuka kwamba kukaa peke yake Voi si sawa na kukaa peke yake Mji wa Kale, Mombasa, ambako mpwa yuko nyuma ya ukuta na sahani ya futari hupita dirishani. Mji wetu ni mtoto wa reli. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ndiyo iliyowaleta hapa wazee wa wengi wetu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza likatolewa tawi la kwenda Taveta. Mashamba ya mkonge yakaita vibarua, na mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, ikaita askari wa wanyama. Watu walishuka hapa kila mmoja na sanduku lake. Waislamu wa Taita Taveta si wengi, na wengi wetu ukoo wetu uko mbali. Mtu akiwa peke yake huku, huwa peke yake kweli. Kwa hivyo bibi huyu anapotuambia kwamba ametulia, hatuna budi kulipima neno lake kwa uzito wake: hakutulia kwa kuwa amezungukwa na watu, bali ametulia kwa juhudi, kwa kuijua nafsi yake na kuifundisha. Utulivu wa namna hii si jambo la kurushiwa jawabu la haraka.

Tukarudi vitabuni. Katika Sura ya Nur, aya ya 32, Mwenyezi Mungu awaamrisha Waislamu wawaoze wale wasio na wenzi miongoni mwao, na neno lililotumika laingiza mwanamume na mwanamke, bikira na mjane. Watu wetu waijua sana aya hii. Lakini katika sura hiyohiyo, aya ya 60, wametajwa wanawake wazee waliokaa, ambao hawatarajii tena kuolewa, nao wamepunguziwa taabu ya mavazi ya nje pasipo kujionyesha mapambo, na wakijisitiri ni bora kwao. Tazameni, ndugu zetu: wametajwa kwa hali yao, wakafanyiwa wepesi, wala hawakulaumiwa kwa kukaa kwao, wala hawakuhimizwa kutafuta waume. Hali zote mbili zimo katika sura moja. Basi anayeichukua moja akaifanya fimbo ya kumpigia mwenye hali ya pili, huyo hakuisoma sura yote.

Kisha tukafungua Minhaji ya Imamu Nawawi, ambayo wazee wetu wa pwani wameisomesha vizazi kwa vizazi. Yeye aeleza kwamba ndoa yapendekezwa kwa mwenye kuihitaji akiwa ana uwezo wa gharama zake. Ama asiyeihitaji, naye hana uwezo, kwake ni karaha. Na asiyeihitaji lakini uwezo anao, huyo si karaha kwake, ila ibada ni bora zaidi. Hapa Imamu Nawawi aongeza neno lake mwenyewe juu ya maneno ya kitabu alichokifupisha: kama mtu huyo hajishughulishi na ibada, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi ndoa ndiyo bora kwake. Asili ya maneno haya ni juu ya mwanamume, lakini wenye kukisherehesha kitabu wamemzungumza na mwanamke pia.

Na aliyeyaandika haya ni nani? Ni mtu ambaye hakuoa maisha yake yote. Imamu Nawawi alizaliwa katika mji wa Nawa, nchi ya Shamu, mwaka 1233, akafariki mwaka 1277, na katika miaka hiyo michache akajaza rafu za ulimwengu wa Kiislamu. Kama angependa kujipendelea, angeliandika kwamba kukaa peke yake ni bora kwa kila asiye na haja, akaishia hapo. Hakuandika hivyo. Aliongeza sharti ambalo lamgeukia kila mtu kama yeye, akauliza: upweke wako umeujaza nini?

Sisi twaona kwamba swali hili ndilo lililotupita siku ile. Hatukupasa kumuuliza bibi kama ana furaha. Hilo alikwisha kutwambia. Wala hatukupasa kumuuliza ana umri gani. Ilitupasa kumuuliza, utulivu huu wafanya kazi gani ndani yako? Maana kuna utulivu wa mtu ambaye nyumba yake imenyamaza ndipo akasikia adhana, akamsikia jirani mgonjwa akikohoa, akapata wakati wa kuwasomesha watoto wa watu. Na kuna utulivu wa mtu ambaye hapendi kuulizwa. Chai yake aipenda vile, kiti chake aketi yeye, na akitembelewa ahesabu saa wageni wataondoka. Huu wa pili nao waitwa raha, na kwa nje wafanana na wa kwanza hata mwenyewe asiweze kuupambanua. Mtu akikaa miaka mingi asikosolewe na yeyote ndani ya nyumba yake, aweza kudhani kwamba amekuwa mwema, kumbe amekosa tu mtu wa kumwambia.

Lakini tusikimbilie upande mmoja. Ndoa nayo huwa na sababu zake mbovu, na hapa ndipo tuliposema tutairudia hoja ya wanaume. Wako wazee wengi miongoni mwetu watafutao mke kwa sababu magoti yauma na nguo hazina wa kuzifua. Hao hawaposi mke. Waposa mtumishi asiye na mshahara, muuguzi asiye na likizo, kisha walitia jina la sunna. Na wajue kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi kupika na kufua si wajibu wa mke. Akifanya amefanya kwa wema wake, na mume yapasa ashukuru. Bibi aliyetulia nyumbani kwake, mwenye riziki yake na afya yake, ana haki ya kuuliza bila ya kuona haya: mtu huyu anitaka mimi, au ataka mikono yangu? Na upande wa wanawake pia wako waolewao kwa hofu ya kufa usiku mmoja wasijulikane mpaka asubuhi ya tatu. Hofu hiyo ni ya kweli, hatuidharau. Lakini dawa yake ni jirani mwema na ufunguo wa pili, wala mtu hawezi kuhakikishiwa kwamba mumewe ndiye atakayebaki nyuma.

Sasa tuje kwenye neno la kukufuru neema, ambalo ndilo lililokuwa likimla bibi huyu moyoni.

Wasomaji waijua habari ya Ummu Salama, Mungu amuwie radhi. Mumewe Abu Salama alijeruhiwa katika vita vya Uhud, akafa kwa jeraha lile. Alikuwa amempenda mapenzi makubwa. Alikwisha kufundishwa dua ya mwenye msiba, ambayo ndani yake mtu aomba apewe badala iliyo bora, naye alipotaka kuisoma ulimi ukawa mzito, akajiuliza, ni nani atakayekuwa bora kuliko Abu Salama? Akaisoma kwa kutii. Imepokewa kwamba Abubakar alimposa, hakukubali. Umar akamposa, hakukubali. Alipoposwa na Mtume (S.A.W.) hakukimbilia kusema ndiyo, bali alitaja mambo matatu: kwamba yeye ni mwenye wivu, kwamba umri wake umekwenda, na kwamba ana watoto. Naye Mtume hakumkemea kwa kusitasita. Alimjibu moja baada ya moja: wivu atamuombea Mwenyezi Mungu auondoe, umri, yeye ni mkubwa kuliko yeye, na watoto wake ni wa Mungu na Mtume wake. Ndipo akakubali.

Katika kisa hiki twaona jambo ambalo sisi wa darasa tulilisahau. Wale aliowakataa ni watu bora wa umma huu, na hapana aliyemwambia kwamba amekataa nusu ya dini. Alipomkubali wa mwisho, hapana aliyemwambia kwamba amemsahau Abu Salama. Kukataa kwake kulikuwa kwake, na kukubali kwake kulikuwa kwake.

Na ili mtu asidhani kwamba kila kisa cha namna hii lazima kiishe kwa harusi, kuna Ummu Dardai mdogo, mwanachuoni wa Damascus, aliyefiwa na mumewe Abu Dardai. Alimposa Muawia, mtawala mwenye enzi na mali, naye akakataa, kwa kuwa alitaraji kuwa mke wa Abu Dardai huko Peponi. Akaendelea na kusomesha kwake. Hapana aliyemwita mwenye kiburi.

Basi neema haikufuriwi kwa kupokea nyingine. Yakufuriwa kwa kutoijua thamani yake. Bibi anayejua utulivu wake wapima nini hatauuza kwa bei ya chini, na hilo ndilo tofauti yake na msichana anayesukumwa na jamaa, au mjane mwenye njaa anayeolewa apate sahani. Hao wasema "ndiyo" kwa kuwa "hapana" haimo mikononi mwao. Yeye aliyetulia "hapana" anayo, tena ni nyepesi kwake, na kwa hivyo "ndiyo" yake, akiisema, ina maana. Mtume (S.A.W.) alipomuombea Mughithi kwa Barira, aliyekuwa mkewe, hali Mughithi amfuata njiani machozi yakimtiririka ndevuni, Barira aliuliza kama hiyo ni amri. Alipoambiwa ni uombezi tu, akasema hana haja naye. Na uombezi wa Mtume mwenyewe haukuwa amri. Je, uombezi wetu sisi tulioketi barazani utakuwa amri?

Haya tulipokwisha kuyasema, wakaja wanawe.

Walikuja wawili, kwa adabu, wakatutaka tumkataze mama yao. Wakasema ni aibu, na kwamba watu watawacheka. Tuliwauliza ni watu gani, wakanyamaza. Kisha mkubwa wao akasema neno la haki, nasi twamheshimu kwa kulisema: kwamba nyumba ile ilijengwa na baba yao, na mtu wa Taveta akimuoa mama kisha mama akafa, ataingia katika mirathi.

Ni kweli ataingia. Kwa aya ya 12 ya Sura ya Nisaa mume hupata robo ya mali ya mkewe mwenye watoto. Hatukulificha hilo, wala si dhambi kwa mtoto kulihesabu. Lakini kwanza yafaa wajue ni robo ya kipi. Kama mirathi ya baba yao haijagawanywa mpaka leo, kama ilivyo katika nyumba nyingi za mji huu, basi katika nyumba ile mama ana thumni yake tu kwa mumewe, na iliyobaki ni haki ya wana wenyewe, ambayo mume mpya hana mkono ndani yake. Waigawe mirathi ya baba yao kwa Kadhi, jambo ambalo lilikuwa limewapasa miaka mingi, na hofu yao itapungua kwa sehemu kubwa. Mwenyewe mama, akiwa na afya yake, aweza kuwapa wanawe alichonacho kwa hiba ya wazi. Hofu inayoweza kutatuliwa kwa karatasi haifai kuvishwa joho la aibu.

Tukawaambia na la pili, nao hawakulitarajia: kwamba katika madhehebu yetu mtoto, kwa utoto wake tu, si walii wa mamake. Walii ni baba, kisha babu, kisha ndugu, na wengine wa upande huo kwa daraja zao. Wakikosekana, ni Kadhi. Na mwanamke aliyekwisha kuolewa haozwi ila kwa idhini yake ya ulimi, Khansa binti Khidam aliozwa na babake naye hataki, na Mtume (S.A.W.) akaivunja ndoa ile. Tena aya ya 232 ya Sura ya Bakara yawakataza jamaa kuwazuia wanawake, nayo imepokewa kwamba iliteremka kwa sababu ya Maakil bin Yasar, aliyemzuia dada yake kumrudia mumewe kwa ghadhabu tu, na alipoisikia aya akasalimu amri. Ikiwa ndugu aliye walii alikatazwa, mtoto asiye walii atasema nini?

Yule mdogo alilia kidogo. Alisema hataki kumwona mwanamume mwingine katika kiti cha babake. Hilo halina aya ya kulijibu, wala hatukulijibu. Tulimwambia tu amwambie mamake maneno hayohayo, kwa kuwa yeye ndiye anayestahili kuyasikia.

Limebaki neno dogo juu ya njia ya kujuana. Siku hizi mtu humposa mwenziwe kwa simu, wakazungumza usiku miezi sita, na wakiulizwa wasema, "Twajuana tu." Dini haikukataza kujuana, Mtume (S.A.W.) alimuelekeza Mughira bin Shuuba akamtazame mwanamke aliyemposa. Wawili hao ni watu wazima, wana mambo ya kuulizana ambayo vijana hawana: ni dawa gani kila mmoja hunywa, ana madeni gani, atahama nani, au kila mmoja atabaki na nyumba yake na kutembeleana kwa maafikiano. Waulizane mchana, mlango wazi, na mtu wa nyumbani akiwapo. Mwanamume wa kweli ataipanda njia ya Maktau na Mwatate aje aketi barazani aonekane. Anayependelea simu ya usiku, na akitajiwa Kadhi asema "tufanye kwa siri kwanza, watoto wasijue", huyo bibi asimwamini. Ndoa za siri zimewaumiza wanawake wengi wa pwani hii. Mume afapo, mke wa siri hulia nyuma ya ukuta kama mpita njia, na mirathi yake hana wa kumshuhudia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 nayo yataka ndoa ya Kiislamu iandikishwe kama nyingine.

Yule mzee wa Taveta, twashuhudia, alikuja mchana.

Ama sisi, tulimwendea bibi tukaliondosha jawabu letu la kwanza, yote mawili, tukamwambia kwamba hatuna la kumuamrisha. Tulimpa swali la Imamu Nawawi akae nalo, na tukamkumbusha istikhara. Alitusikiliza mkono ukishona. Akasema kwamba swali ni gumu, kwani tangu posa ile ije amegundua kwamba asubuhi hupika chai ya vikombe viwili, akamwaga kimoja, na hajui kama ni kwa sababu ya marehemu au kwa sababu ya huyu. Tunapoandika haya hajatoa jawabu. Jumamosi iliyopita alikwenda soko la Taveta pamoja na binti yake wa Mwatate, akarudi na ndizi.